Mbona Hapigi Hodi

Mama alikuwa hapendi. Akisema:
"Pemba hii, na mashetani yote haya ya bure,
wewe unakwenda kukodi ya watu?"
Nami nikicheka, mkanda nimeuficha ndani ya kanga
kama mtu aliyeiba samaki.

Kwa Shaame, pale Jadida, mkanda mia tano kwa usiku,
na ule ulioandikwa kwa kalamu nyekundu
USIANGALIE PEKE YAKO
ulikuwa mia saba.
Nikatoa mia saba.
Nilikuwa nimepokea mishahara miwili tu tangu niajiriwe
na nina hamu ya kuogopa kitu nisichokijua.

Maana vya kuvijua nilikuwa navyo:
deni la dukani kwa Faki,
barua ya talaka, haijafika, najua iko njiani,
mtoto anayekohoa usiku.
Hofu hizo hazina kitufe.
Ya Shaame inacho. Ukizidiwa unabonyeza,
jini linaganda mdomo wazi,
unakwenda kugeuza maandazi,
ukirudi linakungoja.

Tulikaa watatu: mimi, Mkasi,
na Bizume wa nyumba ya pili
aliyekuja na mto wake mwenyewe wa kukumbatia.
Taa tumezima. Sauti tumeipunguza isivuke ukuta.
Nyumba ile ya kwenye filamu ilikuwa na ngazi,
kila ngazi na mlio wake,
na yule msichana, Mungu amsamehe,
anasikia kishindo juu,
na badala ya kutoka nje, anapanda.
"Usipande!" Mkasi.
"Anapanda," Bizume, ndani ya mto.
Utamu ukaanzia kwenye nyayo ukapanda naye,
magotini, tumboni,
nywele zikasimama ndani ya mtandio,
nikawa sina deni, sina barua,
nina moyo tu, unatwanga kama kesho harusi.

Nyuma yetu, sauti:
"Mbona hapigi hodi?"

Tuliruka sote. Karanga zikamwagika.
Mama, mlangoni, kiganja usoni,
vidole vimeachana kiasi cha jicho moja.

"Limeingia nyumba ya watu bila ya hodi. Halina adabu.
Na hao nao, mbona hawaliulizi?
Linazunguka tangu magharibi, hapana hata mmoja
wa kulambia: jina lako nani, umetoka wapi, unataka nini?
La kwetu lingeshasema. Lingetaka ubani,
kuku mweusi, kombe la zafarani, likatulia.
Hilo linaua kwa kukosa wa kulisikiliza."

Tangu magharibi?
Kumbe alikuwapo pale mlangoni muda wote.

Akakaa. Akachukua nusu ya mto wa Bizume.
Msichana akafika juu. Mkono kwenye kitasa.

Umeme ukakatika.

Wete nzima jicho lililofumbwa.
Jirani alisema "Aa!" kisha naye akanyamaza.

"Anafungua," Mama akasema gizani, taratibu,
kwa sauti ambayo sijapata kuisikia,
"anafungua, na ndani yumo bibi anakuna nazi.
Mbuzi inalia krr, krr. Kifuu kitupu, hakina nazi.
Bibi hageuki. Anasema:
mjukuu wangu, umechelewa, nishikie taa.
Na msichana akijitazama mkononi,
anayo."

Usiku ule tulikwenda choo cha uani wote wanne,
tumeshikana mikono,
wanawake wazima, mmoja ana wajukuu.

Asubuhi umeme ulirudi, deki ikautafuna mkanda.
Shaame akanitoza elfu tatu.

Siku hizi nina simu.
Filamu ile naweza kuipata kabla chai haijapoa.
Siitafuti.
Natafuta nyingine, za Alhamisi usiku,
nyaya masikioni, shuka hadi puani,
natetemeka kwa raha zangu.
Lakini mlango ule nimeuacha ulivyo.

Mama macho yamepungua. Jana, tunachambua mchele,
akauliza ghafla:
"Yule mtoto, bado kashika taa?"
"Bado, Mama."
"Maskini," akasema, akipeta.
"Mkono ushamchoka."