Jasho la Dirisha

Hapa Kabale, mwezi wa saba,
baridi huingia bila kubisha hodi.
Kila asubuhi niliyakuta madirisha yametoka jasho
kama mtu aliyeulizwa habari za mkopo.
Maji yalishuka kwenye chuma, chuma kikaota kutu,
kutu ikachora ndevu ukutani,
na nyuma ya kabati kuvu ikatandika mkeka wake mweusi.

Miaka kumi na tisa nilifuta.
Kwa kanga kuukuu, kwa gazeti, kwa kiwiko cha sweta.
Nilifuta vyote isipokuwa kioo kimoja,
cha chini kushoto, karibu na kitanda kidogo.
Pale Ankunda, wiki aliyojua kuandika,
alichovya kidole kwenye mafuta ya kupaka
akaliandika jina lake, N ya kwanza imegeuka nyuma.
Mchana halionekani.
Kukipambazuka na ukungu,
pumzi zetu zikigusa kioo,
lilijitokeza herufi kwa herufi,
kama mtoto anayechelewa kuamka.

Sasa Ankunda ni muuguzi Mbarara.
Alikisikia kikohozi changu kwenye simu:
"Mama, hicho si kifua, ni nyumba."
Akatuma pesa za madirisha ya alumini.
Kioo chake hakukiulizia.
Pengine amesahau.
Pengine hakuwahi kujua kwa nini naamka mapema.

Fundi Ndyamuhaki alikuja na patasi, redio,
na kijana wa kushika ngazi.
Fremu ziling'oka ukutani kwa kelele, kama magego.
"Hiki," nikasema, "usikivunje."
Akakiinua juani, akakikuta kitupu,
akanitazama mimi,
akakifunga kwa gunia bila neno.
Namshukuru kwa hilo hadi leo.

Madirisha mapya yakafunga kwa mlio mfupi,
kama mdomo wa mtu mwenye siri.
Upepo wa Katuna ukabaki nje.
Nililala kama malkia siku tatu.
Siku ya nne, jasho!
Jasho kuliko la zamani,
kwenye kioo kipya, kwa pesa ya mwanangu.

Nikampigia fundi kwa maneno nisiyoweza kuyaandika.
Alikuja. Dirisha hakuligusa.
Alitazama sigiri ndani, sufuria ya obushera
inayotokota tangu alfajiri,
shuka mbichi kwenye kamba, ukuta hadi ukuta,
kisha akainua macho juu ya linta,
kwenye matundu niliyoyaziba mwenyewe kwa magazeti
mwaka ule viazi vilipoungua kwa barafu.
"Mama Ankunda, dirisha halina jasho.
Wewe unapumua, sufuria inapumua,
shuka zinapumua, na nyote mmefungiwa.
Mvuke ukikosa mlango, unakaa palipo baridi."
Akapanda, akayachomoa moja moja:
bei ya mahindi ya enzi nyingine,
harusi ya watu nisiowajua, bibi harusi ameliwa nusu na mende.
Nyumba ikavuta pumzi.
Niliisikia.

Siku hizi napikia barazani.
Shuka hukaukia kwenye jua, likipatikana.
Saa tatu nafungua pande zote mbili,
nahesabu hadi mia mbili, nafunga.
Nikisahau nilikofika naanza upya, sina haraka.
Vioo vikavu. Kikohozi kimehama.

Na kile kioo?
Nimekilaza bustanini, juu ya matofali manne,
kifuniko cha kitalu cha kabichi.
Miche ndiyo kwanza ina masikio ya panya.
Pale jasho lina ruhusa.
Asubuhi natoka na kikombe changu, nainama:
udongo umepumua usiku kucha,
N imegeuka nyuma kama siku ile,
na ukingoni mwa jina maji yanakusanyika,
yanasita,
kisha yanaidondokea miche.