Pini ya Ishirini

Bibi Siranush aliileta ndani ya foronya,
laptopu ya mwanawe Hovik, theluji ikiwa bado begani.
"Haisikii," akasema,
kama aliyempeleka mtoto kwa daktari wa masikio.
"Wiki ya tatu hii, haisikii."

Duka langu hapa Gyumri ni dirisha moja na hita moja,
kati ya fundi viatu na muuza achari.
Nikailaza kifudifudi. Skrubu kumi na moja
nikazipanga kisahanini kama namba za saa,
maana moja ni fupi kuliko wenzake,
na ukitia ndefu mahali pake, umetoboa ubao.

Kadi ya waifai ilikuwa hapo, ndogo kama stempu,
imekufa bila hata kuungua.
Nyaya mbili za antena, nyeusi na nyeupe,
zenye vipete vidogo kuliko punje ya ulezi.
Nilizibandua kwa ukucha. Koleo huzing'oa shingo.

Mpya niliyokuwa nayo ilikuwa ya kasi, lakini kibete:
haikufika kwenye matundu.
Nikakata bati la kopo la dagaa, nikalitoboa, nikaiunga mkia.
Nikawasha.

Skrini nyeusi. Mstari mmoja mweupe:
*Kadi isiyoruhusiwa imechomekwa. Zima. Iondoe.*

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji huyu hakutaka kupona.
Ndani ya bayosi ana orodha aliyozaliwa nayo,
majina manne ya kadi, basi.
Wa tano akibisha, hafunguliwi,
na nyumba nzima inagoma kuamka.

Nikatukana kwa Kirusi, Bibi asielewe.
Akanisahihisha sarufi.

Siku ya pili nikamkumbuka Mkrtich wa posta,
aliyekalia laptopu yake mwaka juzi, ndugu wa hii, tumbo moja.
Kioo kimekwisha, matumbo mazima.
Akaniuzia kwa bei ya viatu, mwizi yule.
Kadi yake ni nzee, ya polepole,
ila mgongoni ina kibandiko, na namba yake imo orodhani.

Mashine ikaamka bila kunung'unika.
Kiendeshi nikakileta kwa flashi,
maana huwezi kuupakua mtandao kwa mtandao usio nao.
Kadi ikaonekana, jina lake kamili.
Taa ikabaki ya chungwa.
*Redio imezimwa.*
Imezimwa na nani?
Swichi ya ubavuni nimeisukuma mpaka kidole kimeota sugu.

Usiku ule, nikiwa na supu mkononi, ndipo iliponijia:
pini ya ishirini.
Hiyo ndiyo hupokea amri ya kunyamaza.
Swichi imeoza ndani, na ubao, siku nenda siku rudi,
unainong'oneza kadi: kimya, kimya, kimya.

Kwa wembe nikakata selotepu, nyembamba kama kope.
Sikupumua.
Kati ya pini hamsini na mbili za dhahabu
nikaziba sikio hilo moja.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa.
Huyu hakusikia, akatembea.
Taa ikawa kijani, majina yakapanda skrini:
Sevak Pili, Ghorofa ya Nne Msiniibie, Achari Bora
(kumbe jirani ana mtandao, na mwaka mzima ananiomba wangu).

"Mpigie," nikamwambia Bibi.
Akatazama saa yangu ukutani, saa tatu ya usiku,
akahesabu vidole vitatu.
"Novosibirsk ni saa sita. Ana zamu alfajiri."
Akaifunga, akairudisha kwenye foronya,
akaacha mezani chupa ya jemu ya aprikoti, akatoka.

Nilipoinua kisahani nikanawe,
kitu kikalia.
Skrubu moja.
Ile fupi.

Nikakimbilia mlangoni bila koti.
Theluji inaanguka. Nyayo zake zimeanza kujaa.