Maji Yanayochemka Mapema

Huku juu, Llallagua, maji huchemka mapema,
hupiga kelele kabla ya kupata hasira.
Utapika kiazi tangu asubuhi hadi adhuhuri
na moyo wake ubaki mgumu.
Ndiyo maana siku yangu ya kwanza katika chumba cha chini,
hospitali ya wachimba bati,
Hilaria Choquetijlla alifunua sufuria, akasema:
"Mapovu yasikudanganye, Wilma.
Maji moto hayachomi nyumba,
na haya ya kwetu hata kijidudu hayakikoseshi usingizi."

Akanipa brashi ya meno.
Damu, alisema, huanza kwa maji baridi;
ukiitishia moto itashika chuma kama deni.
Sugulia chini ya maji, isikurukie usoni.
Na mkasi uoge ukiwa umeachama:
mkasi uliofumba mdomo una neno unaloficha.
Pale kwenye bawaba, penye giza la ukubwa wa punje,
ndipo mauti hupanga chumba,
bila kodi, bila kubisha hodi.

Kisha kukausha, kukagua chini ya taa,
kufunga kwa kitambaa cha kijani, pembe nne kama bahasha,
na tepu juu yake, nyeupe,
itakayoota mistari myeusi
mvuke ukiisha kusema kweli.

Usiku wa mvua ya mawe wakamleta Freddy Colque,
miaka kumi na tisa, paja limepasuliwa na mwamba.
Seti moja tu ilibaki, imo ndani ya jiko la mvuke.
Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika,
na tulipofungua ule mlango mzito
tepu ilikuwa na rangi ya maziwa.

Daktari Aramayo alishuka mwenyewe, gauni limelowa.
"Nipe. Ni ya moto, naihisi mkononi."
"Moto si ushahidi," alisema Hilaria.
"Mtoto anakwisha!"
"Basi mbane kwa mkono."
Akamwita mwosha masufuria.
Akamwita jina jingine, sitaliandika.
Yeye akavuta kiti, akaketi mbele ya jiko,
akatandaza sketi zake zote kama kuku anayeatamia,
na jenereta ilipokohoa ikashika
akaanza upya, macho kwenye mshale.
Dakika thelathini na tano.
Juu ya vichwa vyetu nyayo zilikwenda, zikarudi.
Mimi nilisali. Yeye alihesabu.

Sijui kama dakika zile zilikula goti la Freddy.
Anachechemea.
Lakini kidonda chake hakikutoa tone la usaha,
na nani hushukuru kwa usaha asiouona?
Hupita sokoni na mwanawe mabegani,
hutupita kama watu wa foleni ya mkate.

Aramayo hakuomba radhi.
Hilaria naye hakuingoja, alikuwa na vibanio vya kuhesabu.
Ila tangu usiku ule, ndoo ikishuka kutoka juu,
kabla sijavaa glavu,
naona mikasi imelala ndani ya maji baridi,
yote,
kinywa wazi.