Kwa Jirani Mpya, Upande wa Gati

Bwana Renfrew,
nimeona lori la mchanga limeegeshwa kwako tangu Jumanne.
Sijaja kugombana. Nimeleta mkate wa shayiri
na neno moja, au mawili;
ukinipa chai yatafika saba.

Huo ufuko unaouita mchafu,
changarawe, ndago, maji ya rangi ya chai iliyokolea,
una vijiua vya rangi ya waridi
vidogo kuliko kifungo cha shati.
Huchanua Agosti ziwa likishuka,
huzama Novemba ziwa likirudi.
Havina haraka, wala havina pengine pa kwenda.
Anselme wangu alivikanyaga miaka kumi na miwili
kwa pikipiki yake ya magurudumu manne,
akifuata samaki. Hakuwa mtu mbaya.
Alikuwa hajainama.

Aliinama usiku mmoja wa Juni, saa nne,
taa ya barazani ikiwaka,
na katikati ya njia yetu ya gari, kobe,
koo la njano kama kiini cha yai,
akichimba kwa miguu ya nyuma
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani
asitake kuamsha nyumba.
Tulizima taa. Tukasimama hadi saa saba.
Mbu walitufaidi; nani angethubutu kupiga kofi?

Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi tukafungua daftari.
Binti mmoja wa chuo alitufundisha kusoma gamba:
alama mbili kushoto, moja kulia.
Tukamwita Mama Mkwe,
maana alikuja bila kualikwa
na sote tulimnyenyekea.

Tangu hapo gari langu hulala barabarani Juni nzima.
Juu ya kiota naweka sanduku la mbao na wavu,
rakuni wasifukue,
na chini matundu mawili ya upana wa vidole viwili,
watoto wapate kutokea Septemba.
Nyasi sikati hadi majini. Mbolea sinunui.
Mti ukiangukia ziwani nauacha:
ni benchi la wanaoota jua.
Ndiyo kazi yenyewe, Bwana Renfrew.
Sehemu kubwa ni kutofanya.

Mwaka aliokufa Anselme, Mama Mkwe hakuja.
Mwaka uliofuata, hakuja.
Niliandika tarehe tu, ukurasa ukabaki mweupe.
Wa tatu akaja, lakini si kwangu:
alichimba pale pale ulipoegesha lori.

Hati yako inasema mpaka unaishia kwenye mwaloni.
Yeye hajaisoma.

Leo ni tarehe nane. Ardhi ni yako,
umeilipia kwa jasho la huko Halifax,
sina la kukuamrisha.
Nakuomba tu ulirudishe lori nyuma hatua kumi,
uzime ile taa ya gatini,
na kalamu hii hapa.
Macho yangu siku hizi hayaoni gizani.
Ukurasa wa leo uandike wewe.