Mizani ya Aprikoti

Soko la Karakol. Jyldyz huuza aprikoti kavu
kwa mizani ya chuma yenye mshale unaotetemeka.
Asubuhi ile nilimwomba aniazime sahani yake.
"Unapima nini?"
"Macho," nikamjibu.
Akaipangusa kwa aproni, akanyamaza,
kama mtu aliyekwisha kuwapimia watu mambo ya ajabu zaidi.

La kwanza, lile refu, jeupe kama mfupa wa paja:
kilo moja na gramu mia nne.
Sahani ilishuka kwa kishindo. Jyldyz akaguna:
"Hiyo ni nyama ya watu watatu."
La pili, dogo, la milimita hamsini, halivuti wala halirudishi,
gramu mia na themanini; mshale ulipepesa tu.
Lakini lina mboni pana, huona gizani kama paka.
La tatu, la ishirini na nne hadi mia moja na tano,
lililochubuka ukingoni tangu lilipoanguka Naryn:
gramu mia sita na kumi.
Si hodari wa jambo, wala si zembe wa jambo.

Toktosun alikuwa ameshasema, akikaza tandiko:
"Farasi atabeba hema, unga na sufuria.
Cha shingoni mwako ni chako na shingo yako."
Siku sita, kivuko kimoja cha juu,
mawe yanayoteleza chini ya buti,
hewa nyembamba kama chai ya mkopo.
Huko, bandu bandu haliishi gogo,
huisha mtu.

Nikaliacha refu kwa Jyldyz, ndani ya gunia la jozi.
Na dogo? Nililitia soksini, nikalitoa soksini,
nikalitia tena.
Naapa sikuwaza gramu wakati ule.
Niliwaza dakika ya kubadilisha:
mgongo kwa upepo, kifuniko mdomoni,
vumbi likiingia kwenye mlango ulioachwa wazi
na ulichokiona kikiwa kimeshapita.
Nalo likaingia kwenye jozi.

Siku ya tatu lile moja lilinilipa.
Kwa ishirini na nne nilichukua ziwa zima
na theluji inayoning'inia juu yake,
Toktosun mdogo kama herufi pembeni mwa ukurasa.
Nyuma yangu hapakuwa na pa kukanyaga.
Nikazungusha pete hadi mwisho, miguu papo hapo:
barafu kwenye kope za farasi,
na kidole gumba cha Toktosun kikiitoa.

Siku ya nne liliniaibisha.
Mbuzi-mwitu, ng'ambo ya bonde, pembe kama miezi miwili.
Nikampiga. Toktosun akachungulia kioo:
"Doa hili ndilo yeye, au ni uchafu?"
Tukapuliza. Halikutoka.
"Basi ndiye," akasema.

Usiku, ndani ya yurta ya Aichurek,
taa moja ya sola, inayokata roho.
Alikuwa akimsuka bintiye Meerim,
nywele zimeshiba moshi na maziwa.
Hapo ndipo nilipomkumbuka yule paka
aliyelala kwenye jozi, mwendo wa siku nne nyuma yetu.
Nikafungua tundu hadi ukomo wake, na ukomo ulikuwa karibu.
Nikaweka kamera juu ya gunia la unga,
nikabana pumzi, nikahesabu nusu ya moja.

Meerim alitulia, uso wake dhahiri kama sarafu mpya.
Mikono ya mama haikutulia. Ikawa ukungu
juu ya kichwa cha mtoto, vidole kumi au ishirini.
Aichurek aliitazama picha muda mrefu.
"Mbona mimi sina mikono?"
Nilikuwa na jibu, la kifundi,
lisilofaa kutamkwa mbele ya chai ya mtu.
Meerim akaivuta kamera hadi puani:
"Ipo. Inasuka."

Sokoni Jyldyz alinirudishia mzigo wangu, ukinuka jozi.
Hakuuliza kama nilichagua vizuri.
Alinipimia nusu kilo ya aprikoti, mshale ukapita kidogo;
akatoa moja, akaitazama,
akairudisha.