Safu ya Maoni

Tulivua viatu mlangoni. Hakuna aliyetuagiza.
Shangazi Kokugonza alianza, nami nikafuata,
saruji ikatupokea kwa ubaridi
kama sakafu ya zahanati alfajiri.

Zamani hapa palikuwa ghala la nyavu.
Ukivuta pumzi sana, chini ya rangi mpya
bado kuna dagaa.

Kijana wa zamu (si kijana, ndevu zina mvi,
ila hutembea mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa)
anaitwa Shija. Anawasha taa kabati kwa kabati.
Umeme wenyewe wa luku, anasema, tuuonee huruma.

Kabati la kwanza: funguo.
Arobaini na kitu, zimepangwa kwa ukubwa,
kila moja na kufuli lake huko Kamachumu, Muleba, Kyaka,
kufuli lililovunjwa kwa nyundo na jirani huku analia.
La pili: kiatu cha mtoto, na saa tatu
zisizokubaliana ziwa liliingia saa ngapi.
La tatu: tiketi. Wino umekimbia, imebaki mihuri.
"Muhuri wa serikali," asema shangazi, "haulowi."

Ukutani, majina.
Mtoto wa jicho amemziba la kushoto,
basi ananishika kiwiko, tunasoma kwa kidole changu.
Byabato. Byamungu. Byemerwa.
Tumeruka.
Tunarudi juu, tunashuka taratibu. Byarugaba hayupo.
Tunamtafuta hata kwenye R, labda karani
alimsikia vibaya mtu aliyepaliwa na kilio.
Chini kabisa, baada ya Z, wameandika:
Mwanaume, mtu mzima, shati la kijani.
Halafu: Mwanaume, mtu mzima.
Halafu: Mtu mzima.
Maneno yanapungua mstari kwa mstari
kama mtu anayeingia majini.

"Shati lake lilikuwa la kijani?"
"Nilimfulia la bluu. Lakini alikuwa na tabia ya kutonisikiliza."
Akauweka mkono kwenye ule mstari wa kijani, akauacha hapo.

Hakulia. Aliuliza habari za ndizi.
"Alikuwa analeta ndizi. Mikungu ishirini na miwili,
niliihesabu mimi, nikaifunga kwa majani makavu mimi.
Humu kwenye makabati yenu sioni hata ganda."

Shija akazima taa ya tiketi. Akaiwasha tena.

"Ndizi zilielea, mama.
Siku tatu. Upepo ukazisukuma kwetu, nyuma ya mawe,
mikungu mibichi, ungedhani mamba wamelala.
Nilikuwa na miaka tisa. Mvua ilitunyima mwaka ule.
Bibi alikataza, akasema kile ni chakula cha wenyewe.
Usiku akapika. Kwa karanga.
Tukala taa imezimwa, hakuna aliyemtazama mwenzake.
Niliposikia wanatafuta mtu wa kufungua humu, nikaja.
Sijawahi kumwambia mtu."

Nje, korongo wanagombania utumbo wa sato.

"Zilikuwa laini?"
"Laini, mama."
"Na karanga."
"Na karanga."
"Sisi huweka maharage," akasema shangazi,
kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari.
Mkono bado uko ukutani.

Kitabu cha wageni kina safu nne:
tarehe, jina, unakotoka, maoni.
Kalamu imefungwa kwa uzi wa nyavu, uzi wenyewe mfupi,
unaandika umeinama utake usitake.
Nikajaza tarehe. Nikajaza jina lake, Kamachumu.
Kwenye maoni nikangoja.

Alikaa muda mrefu, kama anayetuma pesa kwa simu
akihofia kukosea namba.

"Andika: mzigo ulifika."
"Wote?"
"Andika, waitu. Mikungu ishirini na miwili.
Na uiandike kwa maneno,
wasije wakachezea tarakimu."