Vidole Viwili Upande wa Dereva

Jumamosi, Pasua, uani kwa mama.
Landrova imeinamisha pua tangu masika ya mwaka juzi
kama ng'ombe anayelamba chumvi.
Napima kwa vidole, maana futi ya mama ya kushonea
imefutika namba.
Kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi:
kushoto, vidole kumi na tatu.
Kulia, kumi na moja.
Narudia, kwa kuwa Anaeli hasadiki
kitu kilichopimwa na dada yake.
Kumi na moja.

Kulia ndiko alikokaa baba.
Miaka ishirini na saba, kilo mia na ushee,
Uru kushuka Kiboriloni na ndizi,
Kiboriloni kupanda Uru na misumari, mafuta ya taa,
na watu wasio na nauli.
Mwishoni sukari ilimpunguza,
suruali zikamkimbia.
Chuma hakikupata habari.

Jana usiku nilizinywesha nati dizeli.
Asubuhi bado zina kiburi.

Jeki chini ya chasisi, si chini ya ekseli
(hilo alilisema kama sala ya chakula),
kisha magogo mawili ya mkaratusi,
kisha tikisa gari kwa bega, kwa nguvu,
ndipo uingie chini.
Anaeli anaivisha spana bomba la maji,
tunaning'inia wote wawili
hadi yuboti inatoa mlio mmoja mkavu
na kuku wa mama wanahama ua.

Springi inashuka mapajani mwangu,
nzito kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.

Mafundi wa gereji huziita pleti.
Baba aliziita majani.
Tunaziachanisha kwenye jiliwa, moja moja:
kutu, udongo mwekundu wa Uru,
ganda moja la karanga, liliingiaje humo sijui.
Jani la tano limenyooka kabisa,
limesahau kupinda.
Nalishika muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

La kubadilisha nimenunua Majengo, kwenye vyuma chakavu,
elfu thelathini. Muuzaji anaapa lilitoka lori la jeshi.
Hana ushahidi, nami sina hela ya kubishana.
Tunalipaka grisi, tunalifunga na wenzake,
senta bolti inaingia kwa nyundo na matusi.

Paipu ya breki imevutika
kama mshipa wa shingo ya mtu anayejibizana.
"Itatosha," anasema Anaeli.
Kwenye mteremko wa Uru hakuna itatosha.
Anakwenda kutafuta ndefu, amenuna,
anarudi nayo, na mkate, hajanuna tena.

Saa kumi na moja tunashusha jeki.
Gari linatua, linaguna, linasimama.
Kumi na tano. Kumi na tano.
Sawasawa, kama meza ya dukani.
Naizunguka mara mbili nikitafuta cha kufurahia.
Mtu akiiona sasa hatajua
ni nani alikaa upande gani.

Mama anatoka na mikono yenye unga.
"Mmeinua vizuri. Mimi nitapandia nini?"
Analeta kreti la soda, anapanda, kulia,
mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja,
anashika usukani kwa vidole viwili
kama ungemuunguza.
Springi haikuinama hata unywele.

Lile jani la zamani analitaka.
Wahunzi wa Mamba, anasema, watalifua panga,
la kukatia migomba, litadumu.
Nimeliweka chini ya kitanda changu.
Sijasema ndiyo.

Usiku tunawasha taa, tujaribu.
Tumesahau: pua ikipanda, na macho yanapanda.
Mwanga unaruka barabara yote
unapiga dirisha la Mzee Shirima,
naye anafungua, kifua wazi, amekinga uso:
"Ndelilio! Zima hiyo taa!"

Halafu kimya.
Anaeli anatafuta bisibisi gizani.
Mimi bado sijazima.